Mkanda wa Watu Wawili

Ndugu zake walimwita Washawasha tangu utotoni, kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Shangazi yake, aliyempa jina hilo, alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuzaliwa, alitoroka. Alikula amesimama, akasoma huku anatembea, na alipokuwa mtu mzima akapata kazi iliyomkaa kama pete kwenye chanda: kupokea simu za watu wanaohitaji gari la wagonjwa. Chumba chao cha kazi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na skrini, viti vya magurudumu, na sauti za watu wanaotetemeka zikiingia masikioni. Washawasha aliuliza mambo matatu tu, uko wapi, nani ameumia, anapumua, na kabla mpigaji hajamaliza kulia, gari lilikuwa limeshatoka. Ule msemo kwamba haraka haina baraka haukuvuka mlango wa chumba kile.

Tabu ilianza akitoka. Hakujua kujizima. Aliwakatiza watu na kuwamalizia sentensi zao, mara nyingi vibaya. Alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. Akiingia kwenye jengo lolote alibonyeza kitufe cha lifti kama anayepiga ngoma, na ni hivyo hivyo alivyompata mume. Fundi mmoja aliyekuwa amepiga magoti kando ya mlango wa lifti, mikono imejaa grisi, alimtazama akibonyeza weee, kisha akamwambia kwa upole, "Dada, ukibonyeza mara moja inasikia. Ni mashine, si kiziwi." Washawasha alicheka, na akicheka hakuna aliyebaki na uso mkavu. Kabla mwaka haujageuka walikuwa wameoana, na yeye bado aliona wamechelewa.

Akahamia kwa mumewe, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa mbovu tangu siku nyingi. Majirani walisema mganga hajigangi. Fundi alijibu kuwa mwenye jengo hataki kununua kamba mpya, na yeye hawezi kuvuta watu kwa mkono.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo pia binti wa fundi, mwenye miaka kumi na minne. Mama yake alikuwa mpima ardhi. Yeye na fundi walikuwa wameachana miaka kadhaa nyuma, bila vyombo kuvunjika wala majirani kuitwa, na sasa alikuwa nchi nyingine kwenye mradi wa barabara, akiishi kambini na kurudi kwa nadra. Baba alimwita binti yake Kobe, na jina halikuwa tusi. Alikuwa mtoto wa taratibu. Alifunga kamba za viatu kama anayesuka nywele za mtu anayemheshimu. Akiulizwa jambo alilipima kwanza, akaligeuza upande wa pili, ndipo akajibu, na wakati huo Washawasha alikuwa ameshauliza mengine mawili.

Kobe alikuwa na kamera ya zamani, ya kutia mkanda, nzito kama nusu tofali, aliyopewa na mama yake. Siku moja Washawasha alimkuta amekaa kwenye ngazi za jengo, kamera iko magotini, anatazama ukuta.

"Unasubiri nini?"

"Jua."

"Si hilo hapo?"

"Halijafika, anti." Kobe alinyoosha kidole. Ukutani, chini ya matundu ya hewa, kulikuwa na kipande cha mwanga kikishuka polepole kuelekea baiskeli ya mtoto iliyoegeshwa kwenye kona. "Litafika kwenye usukani."

Washawasha akakaa kando yake. Akasimama. Akakaa tena. Akaangalia simu, akafunga kilemba upya, akauliza kama baiskeli haiwezi kusogezwa kwenye jua badala ya kulisubiri jua liifuate. Kobe alitabasamu tu. Washawasha akapanda juu kuanika nguo, akashuka, na mwanga ulikuwa umegusa usukani. Kobe aliinua kamera. Akazungusha pete ya lenzi kidogo mbele, kidogo nyuma. Akashusha pumzi nusu, akaizuia. Kachak. Mara moja tu. Kisha akavuta kiwiko kidogo cha kusogezea mkanda kwa dole gumba, mkanda ukasogea ndani na sauti kama ya saa inayotiwa ufunguo, na usoni kwake kukapita kitu ambacho Washawasha hakuwahi kukiona: utulivu wa mtu aliyeshiba.

"Nione."

"Haionekani, anti."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkanda uishe."

"Na utaisha lini?"

Kobe alilipima swali. "Ukiisha."

Jibu hilo lilimkereketa Washawasha siku nzima.

Ukweli ni kwamba alitaka mtoto yule ampende, na alitaka ampende upesi. Alimnunulia viatu vya michezo. Akamletea taa ya kusomea. Akampeleka kula nje, akamsimulia vituko vya kazini, akamkumbatia begani na kupiga picha kwa simu, tatu, nne, kumi, akizitazama hapo hapo na kuzifuta. Kobe alishukuru kwa kila kitu. Hakuna kilichomchosha Washawasha kama zile shukrani. Zilikuwa safi, zimekunjwa vizuri, kama nguo za mgeni anayejua ataondoka.

Asubuhi moja ya Jumamosi, wakinywa chai, Kobe alimwambia baba yake kuwa mkanda unakaribia kuisha. Masikio ya Washawasha yakasimama. Karibu na kazini kwake kulikuwa na duka la picha lililokuwa bado linasafisha mikanda. Alilipita kila siku. Zamu yake ilianza mchana. Akaona mambo yote kwa mpigo mmoja: anauchukua mkanda, anaupitisha dukani, jioni anarudi na bahasha ya picha, mtoto anaifungua, mtoto anamrukia shingoni.

Baba mtu alikuwa ameitwa kwenye lifti iliyokwama na watu ndani. Kobe alikuwa bafuni anaosha nywele. Kamera ilikuwa juu ya meza, kando ya dirisha. Washawasha aliwahi kumwona binti akivuta juu kale kakitufe ka pembeni na mgongo wa kamera ukafunguka, basi naye akakavuta. Mgongo ukafunguka. Jua la dirishani likaingia humo lote.

Ndani aliona mkanda umetandazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, wa kijivu chenye uzambarau, unang'aa, hauna picha hata moja. Akashangaa. Akauinua kwa kidole ili autazame vizuri, akidhani labda picha ziko upande wa chini.

"Anti."

Kobe alikuwa mlangoni, taulo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka mezani, akaondoa kidole cha mama yake wa kambo kwenye mkanda kama unavyoondoa mdudu usiyetaka kumuua, akafunga mgongo wa kamera kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Nilitaka nikakusafishie," Washawasha alisema. "Nilitaka ushtukie tu ziko tayari. Kwani nimeharibu? Kobe, nimeharibu?"

"Haina shida, anti."

Akaingia chumbani kwake. Mlango haukubamizwa. Afadhali ungebamizwa.

Mumewe aliporudi alimkuta bado amesimama pale mezani. Zamu ilikuwa imeshaanza. Alikuwa amepiga simu kuomba mwenzake amshikie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Fundi alisikiliza yote huku anajipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hata pale palipokuwa hapana grisi tena.

"Mwanga umeingia," alisema. "Mkanda ukiona mwanga kabla ya dawa, umekwisha."

"Nitamnunulia mwingine. Nitamnunulia hata kumi."

"Mke wangu, kaa."

"Niko sawa."

"Kaa kwanza." Alingoja mpaka akakaa. "Zile si picha za Kobe peke yake. Mama yake kule aliko anaupiga mkanda wote mpaka mwisho. Halafu anaurudisha nyuma, anaacha kaulimi kadogo nje, anautuma kwa posta. Kobe anautia kwenye kamera yake na kuupiga tena kuanzia mwanzo, juu ya zile za mama yake. Picha juu ya picha. Huyu hajui yule kapiga nini. Wanakutana siku ya kuusafisha." Akakunja kitambaa. "Ndivyo wanavyoongea wale wawili. Kwenye simu hawana maneno mengi."



Siku zilizofuata Washawasha aliomba radhi kwa kila njia aliyoijua. Aliomba kwa mdomo, akaomba kwa ujumbe wa simu, akaomba kupitia kwa baba mtu. Alinunua mikanda mipya akaiweka juu ya kitanda cha Kobe, na kesho yake akaikuta juu ya friji, imepangwa vizuri, haijafunguliwa. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, haina shida, anti, kwa sauti ile ile laini, mpaka Washawasha akaanza kuliota. Kazini mikono ilienda, akili ilibaki nyumbani. Mwenzake wa kiti cha pili alimgusa bega. "Bibie, umemwuliza huyo mzee jina la mtaa mara mbili, na mara zote mbili amekujibu."

Mwishowe mumewe alimwandikia namba kwenye simu. "Mpigie mwenyewe. Hang'ati."

Alikuwa hajawahi kuongea na Mama Kobe. Alizunguka kati ya jiko na mlango huku akifanya mazoezi ya maneno, halafu akapiga kabla hajayamaliza.

"Haloo, nani mwenzangu?" Nyuma ya sauti kulikuwa na upepo na mlio wa mtambo.

"Ni mimi. Mke wa Baba Kobe."

Kisha, kwa haraka, "Kobe ana nini?"

"Hana kitu! Mzima kabisa, dada. Yuko shuleni. Mwenye matatizo ni mimi."

"Umenipasua moyo, mdogo wangu. Siku nyingine anza na hilo la uzima."

Washawasha aliona aibu. Kila siku alikuwa anawafundisha watu wasiojulikana namna ya kutoa habari kwa mpangilio. Akasimulia yote kwa pumzi moja, jua, dirisha, kidole.

"Hata sikumbuki vizuri nilipiga nini mle," Mama Kobe alisema. "Kambi. Mbwa wa mpishi wetu. Kuna asubuhi ukungu ulifunika bonde zima, mitambo yote ikabaki shingo tu, kama twiga wanaoogelea. Hiyo ningependa kuiona." Hakupandisha sauti, na hilo lilichoma zaidi. "Nisikufiche, nimekasirika kidogo."

"Una haki, dada."

"Uliuvuta wote nje?"

"Hapana. Niliuinua kidogo tu, akaja akafunga."

"Kwa muda gani?"

"Kufumba na kufumbua. Labda zaidi kidogo. Niliuchungulia."

Mama Kobe alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Uliuchungulia! Haya. Basi usiangue kilio kabla hujaonyeshwa maiti. Mkanda hujiviringisha. Picha za mwanzo ziko katikati ya msokoto, zimefunikwa na wenzake. Huenda mwanga haukufika huko."

Washawasha alikuwa ameshafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, kana kwamba shule ilikuwa ng'ambo ya ukumbi. "Ngoja nikamwambie sasa hivi..."

"Subiri!" Sauti ilimsimamisha. "Anajua. Nimemfundisha mwenyewe. Kama hajausafisha mpaka leo, ana sababu yake. Kobe ukimkimbilia, anafanyaje?"

"Anaingia ndani."

"Na ukimgongea gamba?"

"Hatoki."

"Basi umejijibu."

"Lakini, dada, akiutupa?"

"Atakuwa ameutupa. Ni wake."

Hiyo ndiyo ikawa adhabu ya Washawasha, na hakuna hakimu ambaye angemtungia iliyo kali zaidi: kukaa kimya na kungoja. Alikaa kimya. Kungoja kulimshinda. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, alifunua ndoo ya taka na kupekua maganda.

"Unatafuta nini humo?" mumewe aliuliza.

"Sitafuti kitu."

"Basi umeshakipata, njoo unywe chai."

Akawa anakwenda kukaa kwenye ngazi saa zile za jua, pale alipomkuta Kobe siku ile. Hakwenda kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu ndani ya nyumba miguu ilimpeleka kila mara kwenye mlango wa binti, na ngazini angalau kulikuwa na majirani wa kusalimia. Alikuwa akikitazama kile kipande cha mwanga huku akitikisa goti. Mwanzoni aliona ni mraba tu wa jua. Baadaye akaona kuwa si mraba, kina pembe moja iliyomeguka kwa sababu tundu moja la hewa lilikuwa limezibwa na kiota. Siku nyingine akaona kinatetemeka kila nguo za jirani zinapopepea nje. Halafu akagundua kwamba ukikitazama hakiendi, ukigeuza uso kidogo tu kimeshasogea. Jambo hilo lilimuudhi kwelikweli. Likamrudisha tena siku iliyofuata, ahakikishe.

Ilikuwa Jumapili asubuhi Kobe alipotokea mlangoni mwa jiko amekumbatia blanketi.

"Anti, unaweza kunishikia hili dirishani?"

Washawasha alikuwa na swali mdomoni, na la pili nyuma yake. Akayameza yote mawili, na yakashuka kwa shida kama vidonge vikubwa. "Naweza," alisema.

Bafu lao lilikuwa dogo, na dirisha lake la kioo cha ukungu lilikuwa juu karibu na dari. Washawasha alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalibana blanketi kwenye kuta kwa viganja na viwiko. Kobe akaziba sehemu ya chini ya mlango kwa taulo, akapanga vitu vyake sakafuni kwa kuvigusa kimoja kimoja ili mikono ivikumbuke: mkasi, kifungulio cha chupa, gurudumu la plastiki lenye mifereji, kopo jeusi lenye kifuniko. Kisha akazima taa.

Giza liliwaingia mpaka puani. Washawasha alisikia bomba likidondosha tone, akasikia kifungulio kikibandua kifuniko cha mkebe wa mkanda, akasikia mkasi. Halafu ukaja mkwaruzo mdogo wa mkanda ukiingizwa kwenye mifereji ya gurudumu, krr, krr, krr. Ukasimama. Ukaanza upya. Ukasimama.

"Umekwama?" Neno lilimtoka kabla hajalikamata.

"Una kunyanzi." Sauti ya Kobe ilitoka chini, karibu na magoti yake. "Pale ulipouinua."

Washawasha aliuma mdomo. Mikono ilianza kumwaka moto mabegani. Mkwaruzo ukarudi, ukakwama, ukarudi. Kisha akasikia kitu kingine: mtoto anavuta kamasi.

"Mikono inatoka jasho," Kobe alisema. "Ukilowa, hauingii."

"Pumzika. Mimi nipo."

"Anti."

"Naam."

"Kila mtu ananiuliza kama nimekasirika. Wewe, baba, na mama kwenye simu. Nimekasirika. Nimekasirika sana."

"Sawa."

"Usiseme pole."

"Sisemi."

"Ukisema pole inabidi nikujibu. Nimechoka kukujibu. Unaomba msamaha kama... kama unabonyeza lifti."

Juu ya ndoo Washawasha alitamani kushuka, kumkumbatia, kuwasha taa, kufanya lolote. Alijua kuwa akiachia blanketi hata kidogo, kilichobaki nacho kitakwenda. Basi akabaki hapo amebandikwa ukutani kama tangazo, machozi yanamshuka na hana mkono wa kuyafuta. Bomba likadondosha matone yake. Baada ya muda ambao aliuona kama zamu nzima ya kazi, mkwaruzo ulianza tena, taratibu, kwa vituo, ukapita pale penye kunyanzi, ukaendelea mpaka mwisho. Kifuniko cha kopo kikajifunga.

"Tayari. Washa."

Taa ilipowaka hawakutazamana. Kobe alipima joto la dawa, akaimimina kwenye kopo, akamkabidhi Washawasha. "Ligeuze juu chini, halafu liache kidogo. Nitakuambia tena." Washawasha akalitikisa kwa nguvu zote. "Anti! Si chupa ya dawa ya kikohozi! Polepole. Kama unamgeuza mtoto aliyelala." Akajaribu. Kopo likawa na uzito wa kitu hai, dawa ikiteleza ndani yake kwa sauti laini, na kati ya mgeuzo mmoja na mwingine hapakuwa na la kufanya ila kukaa kwenye ukingo wa beseni na kusubiri, magoti yao yakigusana kwa sababu bafu lilikuwa finyu. Dawa ya mwisho ilinuka kama siki. Kisha maji, maji mengi.

Kobe aliufungua mkanda na kuuinua kwenye mwanga. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi tii, kama lami. Washawasha alifumba macho.

"Angalia huku," Kobe alisema.

Mwanzoni mwa mkanda, upande uliokuwa katikati ya msokoto, weusi ulikuwa umetambaa pembeni tu. Kulikuwa na vivuli. Wakaubana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya balkoni, na Kobe akakataa katakata kuugusa mpaka ukauke. Washawasha alifagia nyumba nzima. Akafagia tena. Ulipokauka, Kobe alipiga kila picha kwa simu dhidi ya dirisha na kuigeuza rangi, cheupe kikawa cheusi na cheusi kikawa cheupe, na wote watatu, kwa maana fundi naye alikuwa ameacha gazeti lake, wakainamisha vichwa juu ya kioo kimoja.

Mtambo wa kusawazisha barabara ulikuwa umeegeshwa jikoni kwao, gurudumu moja juu ya jiko. Mbwa wa mpishi alikuwa amelala kwenye zulia la sebuleni kana kwamba ndiye analipa pango. Fundi mwenyewe alikuwa anasinzia kwenye kiti, na kifuani kwake kulikuwa kumeota vigingi vya wapima ardhi, safu ndefu inayopotelea milimani. "Wameshanigawa viwanja," alisema. Picha nyingine ilikuwa mkono wa mwanamke umeshika kikombe, na ndani ya kikombe kulikuwa na dirisha la chumba cha Kobe. Binti aliitazama hiyo kwa muda mrefu kuliko zote. Pembezoni mwa kila moja mwanga wa Jumamosi ile ulikuwa umelamba kama moto.

Twiga wa ukungu hawakuwemo. Washawasha alizipitia zote tena, na safari hii alikuwa anatafuta kitu kingine, ingawa aliona haya kukitaja.

"Mimi simo," alisema mwishowe, akajitahidi kucheka.

"Ulikuwemo." Kobe aligusa ile sehemu nyeusi ya mkanda, karibu na mwisho. "Hapa."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Umelala kwenye kochi, umetoka zamu. Mdomo wazi."

"Yaani umenivizia nimelala!"

"Nilikaa pale karibu nusu saa. Nilisubiri jua lifike kwenye mkono wako." Kobe alisema hivyo bila kumtazama. "Ni siku moja tu niliyokuona umetulia."

Washawasha aliutazama ule weusi. Humo ndani alikuwa amewahi kutazamwa kwa subira na mtoto ambaye yeye alidhani hamtaki, na kidole chake mwenyewe ndicho kilichoifuta picha hiyo. "Na juu yangu kulikuwa na nini? Ya mama yako?"

"Hatutajua," Kobe alisema, na akauachia mkanda ubembee kwenye kamba.

Picha zilizopona walizituma kwa Mama Kobe. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, upepo ukiwa mwingi kuliko maneno, alicheka sana kuhusu mbwa, akasema huyo mpishi lazima aione, na mwisho akamsalimia "yule mchunguliaji wenu." Wiki chache baadaye posta ikaleta bahasha ndogo ngumu, ndani yake mkanda mwingine, kaulimi kake kametokeza. Kobe aliutia kwenye kamera mbele ya macho ya Washawasha, akamwonyesha meno madogo yanayoushika na namna ya kuhakikisha unasogea. Kisha, baada ya kupima jambo moyoni kwa siku kadhaa, akamvisha kamba ya kamera shingoni.

"Moja, anti. Unapiga moja tu. Moja ni moja."

Washawasha alitembea na kamera ile kama aliyebeba yai. Alipanda nayo paani, akashuka nayo barabarani, akasimama mbele ya kinyozi, mbele ya fundi viatu, mbele ya kituo cha basi palipokuwa na mwanamke amesinzia na mwavuli wazi. Kila kitu kilikuwa karibu kufaa. Alizungusha pete ya lenzi, picha ikajikusanya kutoka kwenye ukungu ikawa kali, akazuia pumzi, akaona jua lingekuwa bora likisogea kidogo, likasogea, mtu akapita, basi likaja. Usiku alimwelezea mumewe picha ambazo hakupiga. Fundi alisema hajawahi kuona mtu anayechoka hivyo kwa kutofanya kitu.

Ilipofika Alhamisi, simu ya kazini ililia: wenzake wawili wameugua, aje mara moja. Washawasha akavamia funguo, akavamia mkoba, akajitupa mlangoni, na kamba ya kamera ikanasa kwenye kitasa. Akaivuta, na mkono ukabana kitufe cha kamera.

Kachak.

Alisimama kama aliyepigwa na umeme. Mbele ya lenzi kulikuwa na sakafu, kona ya zulia, na kiatu chake cha kushoto.

Jioni alimweleza Kobe ukweli wote, tayari kwa lolote. Kobe alimsikiliza, midomo ikaanza kumcheza, halafu akapasuka kicheko cha sauti kubwa, kicheko cha kujishikilia ukutani, mpaka baba yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

"Nipe nyingine," Washawasha aliomba. "Ile ilikuwa ajali."

"Moja ni moja."

"Ni kiatu, Kobe! Nimepiga kiatu!"

"Unajuaje mama alipiga nini hapo?" Kobe alijifuta machozi. "Labda ni bonde zima. Labda umekanyaga mlima."

Washawasha hakuwa amelifikiria hilo. Alilifikiria usiku kucha, na asubuhi akalikuta bado linamsubiri. Mkanda ungali ndani ya kamera, na Kobe hana haraka nao. Akiulizwa zimebaki ngapi, hufunika kihesabio cha picha kwa dole gumba. Washawasha huuliza vile vile, huku amesimama, kikombe mkononi, chai inamwagikia kwenye kisahani. Kisha hutoka mbio kwenda kazini, akishuka ngazi mbili mbili, na kuna siku alifika mpaka chini kabisa, akapanda tena ghorofa zote nne, akafungua mlango akihema, akauliza kama jua la leo linatosha.